Historia chuoni, kazi makumbusho: jibu kwa mdogo wangu wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) kutoka Lindi

Mdogo wangu, umeuliza kama shahada ya historia inaweza kukuingiza makumbusho au kwenye nyaraka, au ndiyo utaishia kushika chaki kama anavyokutisha mjomba wako. Mimi nilisoma historia, nipo Mtwara, nimepita masjala na sasa nasaidia kuandaa maonyesho madogo.

Nafasi za makumbusho ni za kuhesabu, nisikudanganye. Mlango ulio wazi kidogo ni masjala. Kila halmashauri ina mafaili, na mafaili yanataka mtu. Mimi baada ya shahada niliongeza utunzaji wa kumbukumbu, ambao Chuo cha Utumishi wa Umma kinafundisha hapa hapa kampasi ya Mtwara. Hicho ndicho kilichonipa mkate.

Kazi yenyewe ni vumbi. Unachomoa pini zenye kutu, unapambana na mchwa na unyevu wa pwani. Na usipange faili upya eti limevurugika! Nililifanya hilo wiki ya kwanza, nikapanga kwa tarehe, kumbe ule mpangilio ndio ulioonyesha barua ilipita kwa nani kwanza.

Lakini somo langu kubwa nililipata fildi. Chuoni tuliandika insha za kurasa kumi na tano. Maneno hamsini ya kibao cha maonyesho hakuna aliyetufundisha. Nikapewa lipiko, kile kinyago cha kuvaa kichwani. Nikaandika kwa kujiamini: "Kinyago cha Kimakonde, mti wa mpingo." Mzee mmoja wa Newala akasoma, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mjukuu wangu, uvae mpingo ucheze? Shingo utaiacha uwanjani."

Cha kuvaa huchongwa kwa mti mwepesi, wenyewe wanauita njala. Mpingo ni wa vile vinyago vizito vya kuuzia wageni. Nilikaa naye mkekani jioni nzima, nikaandika upya huku akinikatiza kila sentensi. Kwangu historia ya umma ndiyo hiyo: unaiandika na mwenye nayo yupo pembeni. Wala si jambo geni kwetu. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walitumwa vijijini kuchukua masimulizi ya Majimaji kwa wazee walioyakumbuka, vita iliyoanzia huko huko kwenu mkoani Lindi, Nandete kwenye milima ya Matumbi, Julai 1905. Wangechelewa miaka kumi tu, wangekuta makaburi.

Jambo lingine ambalo washauri hawasemi: jifunze Kijerumani. Mafaili ya enzi ya Mjerumani yaliyopo Nyaraka za Taifa yameandikwa hivyo, mengine kwa mwandiko wa zamani unaotesa macho. Na wewe wa Lindi utaulizwa sana habari za Tendaguru. Mifupa ya dinosaria, ile mijusi mikubwa ya kale, ilichimbwa pale kati ya 1909 na 1913, wapagazi wakaibeba kichwani hadi bandari ya Lindi, na leo mmoja amesimamishwa Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Watoto wa shule hawaulizi alikula nini. Wanauliza kwa nini yuko kule.

Ukivuka kuja Mtwara nitafute. Kile kibao nilichoandika "mti wa mpingo" bado ninacho, nimekibandika nyuma ya mlango wa ofisi.