Binti wa miaka 12, nani anaridhia chanjo?

Niko Sacramento, nina mabinti wawili. Nimeambiwa hapa California mtoto wa miaka 12 anachanjwa chanjo ya magonjwa ya zinaa bila mzazi kujua. Ni kweli, au ni maneno ya WhatsApp?

Ni kweli, mama. Muswada ulioitwa AB 499 ulisainiwa na Gavana Jerry Brown mwaka 2011, ukaanza kazi Januari 2012. Kabla yake mtoto wa miaka 12 aliweza kuridhia mwenyewe kutibiwa ugonjwa wa zinaa, lakini si kukingwa. Yaani tulimruhusu aje akishaugua! Sasa anaweza kuridhia chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, na ya homa ya ini B. Akiridhia mwenyewe, daktari haruhusiwi kukwambia bila ruhusa yake.

Najua inachoma. Lakini sheria haikukukataza kumpeleka wewe, na wazazi wengi ndivyo wanavyofanya. Iliwekwa kwa ajili ya yule binti ambaye nyumbani hana wa kumwambia, au ambaye anayemdhuru yumo humo humo ndani. Kwa huyo, mimi naiunga mkono.

Ridhaa hiyo ni kwa chanjo zote?

Hapana. Mwaka 2022 muswada wa SB 866 ulijaribu kufungulia chanjo zote kwa miaka 12, ukapandishwa hadi 15, kisha mwenye muswada akauondoa kwa kukosa kura.

Nina miaka 15, naishi Oakland. Nataka HPV lakini bima ni ya baba. Barua haitafika nyumbani?

Inaweza kufika, mwanangu, na hapa ndipo wengi hukwama. Tangu Julai 2022 bima za California zinatakiwa kukuandikia wewe, si baba, kuhusu huduma uliyoridhia mwenyewe. Ila usipowapa anwani nyingine, bahasha inakuja ile ile ya nyumbani, ikiwa na jina lako tu. Na katika nyumba zetu, bahasha ya mtoto nani haifungui? Kwa hiyo kabla ya sindano, piga simu bima uombe mawasiliano ya siri, uwape barua pepe au anwani unayoiamini. Mwulize pia muuguzi wa kliniki. Wamezoea swali hili.

Jambo jingine: anayeanza kabla ya kutimiza miaka 15 kwa kawaida huchomwa sindano mbili, lakini wewe umeshavuka, kwa hiyo ni tatu, ndani ya miezi 6. Panga utakavyorudi mara zote hizo.

Na sisi Mbagala? Mwanangu ana miaka 9, shuleni wanataka kumchanja HPV. Mume wangu anasema ni kumfungulia mtoto mlango wa uhuni.

Tanzania hatuna sheria kama ya California. Mwaka 2019 Bunge lilishusha umri wa kupimwa VVU bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15, lakini hicho ni kipimo, si chanjo. Kwa hiyo mazungumzo ni yenu wazazi.

Mwambie mzee hivi. Atoe kadi ya kliniki ya huyo binti. Ataona chanjo ya pentavalenti, sindano moja yenye kinga za magonjwa matano: wiki ya 6, ya 10, ya 14. Ndani yake mna kinga ya homa ya ini B, ugonjwa unaoambukizwa kwa kujamiiana pia. Alichanjwa akiwa bado ananyonya, na hakuna aliyesema tunamfundisha uhuni. HPV hutolewa mapema kwa sababu hiyo hiyo: kinga hufanya kazi vizuri ikitangulia kirusi, haifukuzi kilichokwisha kuingia.

Tulipoanza mwaka 2018 ilikuwa kwa wasichana wa miaka 14. Tangu 2024 ni dozi moja, bure, miaka 9 hadi 14. Kama kuna dada yake wa miaka 14 ambaye hajachanjwa, mpeleke huyo kwanza. Akifika 15 ametoka kwenye mpango.