Bale ya likizo: maswali yenu, na haraka zenu

Shule zinakaribia kufungwa na ujumbe umejaa, karibu wote wa jambo moja: mtoto mdogo, likizo ndefu, bale (ballet). Nimechagua yale yanayojirudia na machache yaliyonikera.

Mwalimu, nitapata wapi bale ya likizo kwa mtoto? Nijibu haraka.

Mtoto wa miaka mingapi? Uko Kisumu au Kigamboni? Kila likizo naomba vitu vitatu: umri, mji na tarehe. Desemba ya Nairobi si Juni ya Dar es Salaam, wala si ile wiki moja ya Oktoba wanayopewa watoto wa London. Na mtoto wa miaka mitatu hawekwi chumba kimoja na wa miaka minane. Anayewachanganya anakusanya ada tu. Kwa wenye haraka kama wewe: Royal Academy of Dance, chama cha London kilichoanza mwaka 1920 na ambacho mitaala yake inafuatwa na walimu wa nchi nyingi, kina orodha ya walimu wake kwenye tovuti. Tafuta kwa nchi na mji. Kuwemo kwenye orodha hakumfanyi mtu awe mpole kwa watoto, lakini angalau utajua amesomea anachofundisha.

Hujambo mwalimu. Binti yangu ana miaka minne, tunakaa South B, Nairobi. Kuna kambi ya bale ya saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Je, inafaa? Pia natamani acheze kwenye The Nutcracker, ile bale ya Krismasi, Desemba hii.

Sijambo, na ahsante kwa kutaja umri.

Anza na hizo saa. Mtoto wa miaka minne hachezi bale saa saba. Nusu saa inamtosha, dakika arobaini na tano kama amelala vizuri na amekula. Baada ya hapo anavuta taiti na kuuliza mama anakuja lini. Kambi ya kutwa ni malezi yenye kipindi cha bale ndani yake. Si vibaya, wazazi wana kazi. Ila usilipe bei ya bale kwa saa sita za kupaka rangi na kusubiri sambusa. Omba ratiba iliyoandikwa, kisha uliza kwa jina ni nani anayefundisha kila kipindi. Zipo kambi ambazo mwalimu wa kwenye bango huonekana siku ya kufungua na siku ya picha, na katikati watoto wameachiwa kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi.

Ukiruhusiwa kuchungulia kipindi kimoja, utajua ndani ya dakika kumi. Kwa umri huo kipindi kizuri kinafanana na mchezo kuliko bale unayoiona kwenye televisheni. Watoto wameketi duara, miguu mbele, mwalimu anaviambia vidole vya miguu vilale, halafu viamke. Wanasimama, wanakunja magoti kidogo mgongo ukiwa wima, wanainuka. Wanatembea kwa ncha za vidole kama wezi wa sukari. Muziki ukikatika, wanaganda. Mwisho wanainama kumshukuru mwalimu na mpiga piano, hata kama mpiga piano ni spika iliyowekwa dirishani. Ukikuta wamepangwa mstari, mkono kwenye fito ya kujishikiza, wanakemewa kwa kutazama pembeni, mchukue mwanao mwende Uhuru Park mkakimbie.

Kuhusu The Nutcracker: umechelewa. Dance Centre Kenya, shule ya densi ya Nairobi, huiandaa mwishoni mwa mwaka pale Kenya National Theatre, na watoto mnaowaona wakipita jukwaani kwa dakika tatu wamefanya mazoezi kwa muda mrefu kabla ya Desemba. Hakuna kambi ya wiki mbili inayoweza kumwingiza mtoto humo. Mnunulie tiketi akatazame. Akitoka akirukaruka kwenye maegesho, mwandikishe masomo ya kawaida Januari.

Tena, kwenu nyote: acheni kunitumia picha za watoto ili niseme kama "wana mwili wa bale". Sipimi miili ya watoto, na mwalimu anayeipima mtoto akiwa na miaka minne mkimbieni.

Je, atapewa cheti mwisho wa kambi?

Atapewa karatasi. Mitihani ya Royal Academy of Dance haifanywi kwa wiki mbili za likizo, na hata tathmini yao ya mwanzo kabisa haianzi kabla ya miaka mitano.

Shikamoo mwalimu. Niko Dar, Mbezi. Mwanangu wa kiume ana miaka sita, anaigiza bale kila anapoiona kwenye runinga. Likizo ya Juni nilitaka nimpeleke, lakini babu yake amesema hilo ni la wasichana, mtoto atajifunza ulegevu.

Marahaba. Huyu babu ana ndugu wengi, maana barua kama hii haikosi.

Mwambie kwa adabu kwamba bale ilikulia ikulu, mikononi mwa wanaume. Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, alicheza mwenyewe mbele ya watu wake akiwa kijana, na mwaka 1661 akaanzisha chuo cha kifalme cha densi. Kwenye jukwaa la Opera ya Paris, wanawake wacheza bale wa kulipwa hawakupanda hadi 1681. Kabla ya hapo hata nafasi za kike zilichezwa na wanaume. Kama mfalme ni wa mbali mno, mpe mfano wa jirani: Joel Kioko, kijana wa Kuwinda, mtaa wa mabanda kando ya Karen, Nairobi, aliyetoka huko akaenda kusomea bale English National Ballet School, London. Huko mwanaume humwinua mwenzake juu ya kichwa kwa mikono miwili huku akitabasamu. Babu ajaribu na mfuko wa mchele.

Upande wako, uliza kabla ya kulipa kama darasani kuna mvulana mwingine. Akiwa peke yake si sababu ya kukataa, lakini mwambie mapema asishtuke mlangoni. Na uliza atavaa nini. Fulana nyeupe inayobana kiasi na kaptura nyeusi vinatosha kwa wiki ya likizo. Usiingie gharama nyingine kabla hajakwambia anataka kurudi.

Assalamu alaykum. Niko Mombasa, sijapata darasa la bale karibu. Binti ana miaka mitano. Naweza kumfundisha nyumbani kwa video? Na mavazi yake yananitia wasiwasi.

Wa alaykumu ssalaam. Cheza naye, usimfundishe. Video haimwoni mtoto. Haijui kwamba goti lake limeingia ndani wala kwamba amebana pumzi. Kwa hiyo chukua yale tu yasiyoweza kumuumiza: kutembea kwa ncha za vidole, kuruka kwa mguu mmoja, kuzunguka taratibu, kuganda muziki ukikatika, kusimama mguu mmoja huku mkihesabu. Robo saa inatosha. Acheze miguu mitupu, au juu ya mkeka usioteleza. Soksi juu ya vigae ni safari ya hospitali. Miruko msifanyie kwenye sakafu ya saruji kila siku; majani ya uwanjani yana huruma zaidi kwa magoti.

Mavazi si tatizo hata kidogo. Leotadi, yale mavazi ya kubana mwili, za mikono mirefu zipo, taiti nzito zipo, na sketi fupi juu yake inakubalika katika madarasa mengi ya watoto. Mwalimu anahitaji kuona magoti na nyayo zinavyokaa, basi. Ukimpata mwalimu siku moja, mwulize mapema badala ya kukaa nyumbani ukidhani atakataa.

Na nyongeza usiyoiomba: uko mji wa chakacha, ngoma ya harusi. Mtoto aliyekua akipiga makofi kwenye harusi za Mji wa Kale ana sikio la mdundo ambalo wenzake wa Nairobi wanalilipia. Likizo hii mpeleke harusini.

Nimemnunulia binti yangu wa miaka saba vile viatu vya kusimamia vidole kama zawadi ya likizo. Aanze vipi?

Aanze kwa kuvirudisha dukani.

Nimejibu swali hili mpaka nimechoka, kwa hiyo someni vizuri. Viatu vile vya ncha ngumu ni vya mtoto mkubwa, kwa kawaida miaka kumi na moja, kumi na mbili na kuendelea. Tena si umri peke yake. Awe amefanya miaka kadhaa ya masomo mfululizo, kifundo cha mguu na tumbo viwe na nguvu, na mwalimu wake ndiye aamue, si duka. Mifupa ya mguu wa mtoto wa miaka saba bado inakua, sehemu bado ni gegedu, na uzito wote wa mwili juu ya vidole viwili si mchezo wa sebuleni.

Anachohitaji ni viatu laini vya bale, vya ngozi au kitambaa, vyenye utepe wa mpira juu ya unyayo. Vimkae kama soksi. Najua mazoea yetu ya kununua kiatu kikubwa "atakua nacho", lakini hapa usifanye hivyo: nafasi ya kidole kimoja mbele inatosha kumwangusha akigeuka. Vingi huuzwa utepe ukiwa umeshonwa upande mmoja tu. Mvalishe, avute vidole mbele, weka alama ya kalamu pale utepe unapokutana na kiatu, kisha shona. Kile kikamba cha mbele funga, kata, ficha ndani. Kikiachwa kinaning'inia atakikanyaga.

Mwalimu wa kambi alimkalia mwanangu mgongoni ili miguu ifunguke zaidi. Mtoto alilia, mwalimu akasema ndiyo bale ilivyo. Je, ni kweli?

Si kweli. Mtoe leo, usisubiri Ijumaa wala onyesho la kufunga. Hakuna sababu ya mtu mzima kuweka uzito wake juu ya mtoto anayenyoosha misuli. Kunyoosha kwa mtoto mdogo kunaishia pale anapoweza kuendelea kuzungumza na wewe. Mwandikie mwenye kambi ujumbe, usipige simu tu, na wajulishe wazazi wengine wa kundi hilo.

Mkiwa hapo ulizeni mengine ambayo hamkuuliza siku ya kulipa: nani anaingia na watoto chumba cha kubadilisha nguo, nani anawapeleka msalani, na picha zao zinawekwa wapi. Fomu nyingi zina mstari mdogo chini unaoruhusu picha kutumika kwenye matangazo. Mna haki ya kuukata kwa kalamu.

Tuko London. Shangazi mtu anataka kumpeleka mtoto wa miaka mitatu kutazama The Nutcracker Krismasi. Atatulia?

Hatatulia. The Nutcracker ina sehemu mbili, na kwa mapumziko ni kama saa mbili. Sehemu ya kwanza ina mti, panya na vita, watoto huipenda. Ya pili ni densi juu ya densi bila hadithi kubwa, na hapo ndipo kiti kinaanza kupigwa mateke. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza St. Petersburg, Desemba 1892, wapo watazamaji waliolalamika kwamba watoto walikuwa wengi mno jukwaani. Shangazi awe tayari kwa malalamiko kutoka viti vya nyuma. Kumbi nyingine hazipokei kabisa walio chini ya miaka mitano, kwa hiyo asome masharti kabla ya kulipa. English National Ballet, kundi la bale la London, wana maonyesho waliyoyaita My First Ballet, mafupi, yenye msimulizi, kwa watoto kuanzia miaka mitatu. Hutokea zaidi karibu na Pasaka. Fedha za Krismasi ziwekwe hadi wakati huo.

Darasa la likizo limetaka taiti za pinki "rangi ya ngozi" na nywele za kubana fundo. Ngozi ya nani? Na mwanangu amesukwa.

Swali zuri kuliko yote ya mwezi huu. Dance Theatre of Harlem, kundi la wacheza bale weusi la New York, ilikwishaanza kuvaa taiti na viatu vya rangi ya ngozi za wachezaji wake miaka ya 1970. Na mwaka 2018 Freed, watengenezaji wa viatu wa London, walitoa viatu vya ncha vya kahawia wakishirikiana na Ballet Black, kundi la wacheza bale weusi na wenye asili ya Asia. Kwa hiyo anayekwambia haiwezekani amelala. Mwandikie mwalimu uombe taiti za kahawia na viatu vya kahawia. Wengi hukubali mara moja. Walikuwa wakinakili orodha ya zamani tu.

Nywele zilizosukwa ni bora kuliko kitu kingine, hazihitaji jeli wala neti. Msusi apandishe mistari kuelekea utosini badala ya kuishusha kisogoni, zikutane juu, zifungwe. Shanga zitolewe. Mtoto akizunguka zinampiga usoni, yeye na jirani yake.

Bale si ya watoto wa matajiri?

Ada nyingi ni za matajiri, hilo sikatai. Lakini Mike Wamaya, mwalimu Mkenya, amefundisha bale Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi, katika darasa la shule ambalo kwanza madawati hutolewa nje, watoto miguu mitupu, na mwaka 2017 alikuwa miongoni mwa walimu kumi wa fainali ya Global Teacher Prize, tuzo ya walimu wa dunia nzima. Kabla ya kulipa kambi ya bei mbaya, uliza kama wana nafasi za ufadhili. Wengi wanazo na hawazitangazi.

Binti yangu ana miaka minane na hajawahi kucheza. Nimechelewa?

Misty Copeland alianza na miaka kumi na mitatu, na mwaka 2015 akawa mwanamke Mmarekani mweusi wa kwanza kupewa daraja la juu kabisa la wachezaji katika American Ballet Theatre, kundi kubwa la bale la New York. Mtafutie darasa la wanaoanza wa rika lake, wasimweke na wa miaka mitano.

Siku ya pili amekataa kuingia. Nimshurutishe? Nimelipa wiki mbili.

Kaa naye mlangoni, atazame. Siku ya tatu akikataa tena, rudini nyumbani na udai salio la fedha zako. Wakikwambia hazirudishwi, waulize kama mdogo wake anaweza kumalizia siku zilizobaki.