Nilivyokuwa mdogo? Ulikuwaje?

Msomaji wa Makorora, Tanga, ananiandikia: "Mwalimu, nilivyokuwa mdogo pale Ngamiani tulikuwa tukicheza kombolela mpaka adhana ya magharibi. Juzi mjukuu wangu kaniuliza neno hilo maana yake nini, nikakwama. Je, lina uhusiano na kukomboa? Na tuandike kombolela au kombolera?"

Lina uhusiano, mzee mwenzangu, na ni la damu. Kuna komboa, kuna kombolea, na hiyo l iliyobaki katikati ya kombolela ni ile ambayo Kiswahili kiliidondosha njiani na lugha nyingi za bara zikaendelea kuibeba: njaa yetu sisi, kwa wenzetu wengi ni njala au nzala. Mchezo wenyewe unajieleza. Mtaani kwetu tuliweka kopo tupu la maziwa katikati ya barabara, mmoja akalipiga teke likaenda kulia mbele ya duka, na mtafutaji alipokuwa akilifuata sisi tukatawanyika. Akikuona, anakutaja jina na kuligusa kopo. Umekwisha, unasimama pembeni na mateka wenzako. Lakini akibaki mmoja tu mwenye mbio, akachomoka uchochoroni na kulipiga kopo teke huku akipiga ukelele "Kombolelaaa!", mateka wote wako huru. Amewakomboa. Mwambie mjukuu hivyo, kisha mpe kopo.

Hilo limekwisha. Sasa turudi kwenye neno lako la kwanza, maana ujumbe wako nimeusoma mara tatu na mara zote tatu nimejikwaa palepale mlangoni.

"Nilivyokuwa mdogo."

Ulikuwaje? Ulikuwa mdogo wa kubebwa mgongoni, au mdogo wa kupenya chini ya ua wa makuti? Nimeketi kungoja unieleze ulivyokuwa, wewe umeshaondoka zako kwenda kucheza. Ulichotaka kusema ni nilipokuwa mdogo. Po ni ya wakati na mahali. Vyo ni ya namna. Kama ungeandika "kwa nilivyokuwa mdogo, nilienea kwenye debe", ningekupigia makofi, kwa sababu hapo unanipimia udogo wako. Lakini hukunipimia kitu. Ulitaka kunitajia enzi, ukachukua kifaa kisichohusika, kama fundi anayepigilia msumari kwa koleo. Msumari unaingia, sikatai.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba umelitenda kosa hili ukizungumzia kombolela, mchezo ambao uhai wake wote umo ndani ya po. Hebu kumbuka mtafutaji alivyokuwa akisema (alivyo, unaona? hapa namna inatakiwa). Mwenzetu mmoja tuliyemwita Kibonge hakuwa na bahati ya maficho. Ukisema "nimejua alimojificha", umemaanisha ndani ya pipa. "Nimejua alikojificha" ni upande ule wa kwa muuza mbaazi, mahali hasa bado sijui. "Nimejua alipojificha" ni hapohapo nyuma ya mlango, naona kidole gumba chake kimetokeza. Mtoto wa miaka saba, hajui kuandika jina lake sawasawa, ana silabi tatu za kumtafutia mwenzake. Kisha anakua, anasoma, anapata kazi ya kuongea kwenye kipaza sauti, na zote tatu anazitupa jalalani ili aseme "alivyojificha". Na alivyojificha Kibonge si siri: alijificha vibaya, siku zote.

Siku moja akaona maficho ya chini yamemshinda, akapanda mzambarau. Akaanguka. Mkono ukavimba pale pale, mama yake akatoka na khanga moja kiunoni na nyingine ameishika mkononi, hajawahi hata kujitanda. Akauliza maswali mawili, na hakuyachanganya hata kwa hamaki ile. La kwanza: "Nionesheni alipoangukia." Tukamwonesha sote, vidole kumi vikielekea shina moja, pamoja na zambarau zilizopondeka. La pili: "Haya, nielezeni alivyoanguka." Kimya. Kila mtu akagundua kuwa kwao wanaitwa. Alipoangukia palikuwa mali ya umma. Katika alivyoanguka mlikuwa na mkono wangu.

Mwanamke yule hakusoma sarufi. Lakini mpe mtangazaji wa leo habari ileile, atakwambia "mtoto alivyoanguka, mama yake alikuja", nami nitabaki sijui kama mama alikuja baada ya kuanguka au alikuja kwa sababu ya mtindo wa kuanguka.

Najua mtakavyonijibu. Kwamba watu wote wanasema hivyo. Ni kweli, nimewasikia kwenye daladala, kwenye redio, hata kwenye hotuba za harusi: "mimi nilivyomuona bibi harusi mara ya kwanza", na ukumbi mzima unasubiri kuambiwa alimwonaje, haambiwi. Wengine mtaniambia kwamba nami ni wa Tanga, na mwaka 1928, wakubwa walipokutana Mombasa wakakichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kimtang'ata, lahaja yetu, kiliachwa ufukweni, kwa hiyo usanifu naulindia nini? Hoja hiyo inanigusa, nakiri. Ila po si ya Unguja peke yake. Po tulikuwa nayo hapa hapa, mama Kibonge ni shahidi.

Nadhani tatizo lilianzia kwenye "kama": watu wakasema "kama nilivyofika" na "mara nilivyofika", namna na wakati vikakaa benchi moja mpaka vikafanana sura. Sasa kuna kizazi kimeenda mbele zaidi kinasema "kipindi niko mdogo", yaani bado yuko mdogo mpaka sasa, ana ndevu. Hilo silijadili. Nina shinikizo la damu.

Kwa hiyo sheria yangu ni hii, ya mzee aliyechoka. Barazani, mkinywa kahawa, sema nilivyokuwa mdogo, nitakunja uso kidogo tu na kuomba kashata. Mke wangu hulisema kila siku na ndoa ipo. Lakini ukishika kalamu, andika nilipokuwa. Ni herufi tatu unatoa, mbili unatia, wino hata unabaki.

Nilitaka kusahau: ni kombolela, kwa l zote mbili. Hao wa kombolera sijui walijificha wapi tulipokuwa tukifundishwa kutamka, lakini nimejua walivyojificha.