Usingizi wa mtoto wa sekondari: kabla ya kengele, angalieni gari la shule

Suala la saa za kuanza masomo likiguswa kwenye kikao cha wazazi, hakosekani wa kusimama na kusema, "Sisi tuliamka saa kumi, tukaenda shule kwa miguu, mbona tumefika?" Sawa mzee wangu, uliamka saa kumi. Ulilala saa ngapi? Wengi wetu saa tatu usiku chemli ilikuwa imeshazimwa. Mwanao wa kidato cha tatu saa hiyo ndiyo kwanza ametoka tuisheni, hajala, na sare bado iko ndani ya beseni.

Nina wawili sekondari, shule ya kutwa, na tunaishi pembezoni mwa Dar es Salaam, huko ambako viwanja vilikuwa bado vya bei nafuu. Ninayoandika hapa nimeyapata kwa hao wawili.

Kwanza tuache kuwaita wavivu. Mtoto akibalehe, ubongo wake huchelewa kutoa melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia. Ndiyo maana ukimlazimisha kulala mapema anabaki kugeukageuka kitandani. Wataalamu wa usingizi wanashauri saa 8 hadi 10 kwa wenye miaka 13 hadi 18. Anayelala saa nne usiku na kuamshwa saa kumi na robo anapata saa sita na kidogo, na deni hilo analibeba wiki nzima.

Marekani wamelivalia njuga suala hili. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto kilitaka shule za vijana zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi, na California ikatunga sheria iliyoanza kutumika 2022. Seattle walitangulia: mwaka 2016 walisogeza kengele kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington waliwavalisha wanafunzi vifaa vya mkononi vya kupima usingizi, wakakuta wameongeza dakika 34 kwa usiku. Hapo ndipo hoja ya wanaosema kengele ikisogezwa "watachelewa kulala tu" iliponiishia. Lakini Florida nayo ilipitisha sheria ya namna hiyo 2023, ikarudi nyuma 2025 kabla haijaanza kutekelezwa. Moja ya vilio vikubwa vya wilaya ilikuwa mabasi na madereva.

Kumbe hata huko, mgogoro unaishia kwenye basi.

Kwetu ndiyo zaidi. Kenya, kanuni za elimu ya msingi (kwao ni pamoja na sekondari) za mwaka 2015 zinaweka masomo ya shule za kutwa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu. Kwenye karatasi hakuna tatizo, ila pita Nairobi saa kumi na moja alfajiri uone watoto walioko barabarani na mabegi. Kipindi cha kwanza ni saa mbili. Kabla yake kuna mstari, kabla ya mstari kuna usafi, kabla ya usafi kuna foleni, na kabla ya foleni kuna gari linalozunguka mitaa gizani. Tukisogeza kengele hadi saa tatu bila kugusa hayo mengine, mtoto ataingia nyumbani usiku, maana Dar na Nairobi jua huzama kabla ya saa moja mwaka mzima. Mzazi mwenye binti anajua ninachosema.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: kabla hujalipia usafiri, omba ruti ya gari. Uliza mwanao ni wa ngapi kuchukuliwa, maana kwa kawaida anayepandishwa wa kwanza ndiye anayeshushwa wa mwisho, anaumia asubuhi na jioni. Kwenye ruti yetu gari lilikuwa linaingia kila kichochoro na kupiga honi kila geti. Tukaitana wazazi wa njia ile, tukaiomba shule gari lisimame vituo vichache vya barabara kuu, na sisi tutawasindikiza watoto kwa zamu. Kulikuwa na maneno, hasa kutoka kwa wenye nyumba karibu na shule, lakini ikapita. Wanangu wamepata kama dakika arobaini za kulala. Seattle walipangua ratiba ya mji mzima kupata zile 34! Na sasa swala ya alfajiri tunaswali nyumbani, siyo mtoto anaswali kwenye siti.

Kwa anayetegemea daladala sina dawa hiyo. Konda anamkwepa mwanafunzi kwa sababu ya nauli yake ndogo, na hata akiamka saa kumi anaweza kuchelewa. Hapo mimi ningechagua shule ya kawaida ya kutembea kwa miguu kuliko yenye jina iliyo upande wa pili wa jiji. Najua wengi hamtakubali.

Tuisheni ya jioni ipunguzeni, ibaki kwa somo linalomshinda kweli. Simu ilale sebuleni, ya kwenu pia. Akirudi amechoka, mwacheni ajinyooshe nusu saa, ila asivuke magharibi, usiku hatalala. Jumamosi aongeze saa moja au mbili, siyo hadi adhuhuri.

Mkienda kwenye kikao, msianze na habari za homoni. Ombeni daftari la waliochelewa, muangalie wengi wanatoka gari lipi, na muulize kama mtoto aliyecheleweshwa na gari la shule anastahili kupigishwa magoti. Na ajenda ya usafiri ikae juu ya ile ya michango, kwa sababu michango ikishasomwa nusu ya wazazi huwa wameshaondoka.