Stovu ya kuni kwa nyumba yenye siling ya kupanda: anza na paa

Wale mnaanza hii kazi ya kufunga stovu za kuni, nawaandikia juu kila baridi ya Julai vijana hukwama pahali pamoja. Nyumba iko Karen ama Lavington, siling haiko bapa, inapanda na kenchi hadi kwa kilele, mbao za T&G (zile zinazoshikana ulimi na mfereji) zimepigwa vanishi zinang'aa, na fundi ashaweka stovu chini anaangalia juu hajui bomba litatokea wapi.

Mimi mwenyewe nilianza hivyo. Kazi yangu ya kwanza mwenye nyumba alinionyesha anataka stovu wapi, katikati ya ukuta mkabala na sofa, nikapima sakafu vizuri, nikajenga slabu, nikaleta stovu tukaibeba watu wanne, ndo nikakumbuka kuangusha timazi, ule uzi wenye uzito wa kuonyesha wima, kutoka siling. Uzi ukapita katikati ya boriti. Kusogeza stovu inchi 8 tu kungemaliza mambo lakini slabu ilikuwa ishakauka na niliona aibu, nikanunua elbo mbili za digrii 90 nikazungusha bomba. Moshi ukakataa kupanda, mama akifungua mlango wa stovu unamrudia usoni, na nikaibomoa yote kwa pesa yangu.

Kwa hivyo siku ya kwanza usibebe stovu, beba ngazi na timazi. Tafuta nafasi kati ya boriti mbili huko juu, shusha uzi, na pale utakapogusa sakafu ndo stovu inakaa. Ikilazimu kupinda, tumia elbo mbili za digrii 45, si 90, na ujue kila kona inapunguza nguvu ya moshi kupanda. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa yetu ni nyembamba, bomba linavuta kidogo kuliko lingevuta Mombasa (ingawa sijui nani atakuita Mombasa kumfungia stovu).

Sasa bomba. Ile ya ngozi moja, yaani chuma kimoja tu bila insuleshen, inakubalika ndani ya chumba peke yake, na iwe mbali na mbao inchi 18, yaani karibu sentimita 46. Stovu ya kuchomelewa jua kali, isiyo na kibandiko cha vipimo, ipe inchi 36 kutoka kwa kitu chochote kinachoweza kushika moto. Ikifika siling lazima ugeuze uingie ngozi mbili zenye insuleshen katikati, na hiyo nayo huachiwa nafasi, mara nyingi inchi 2, soma karatasi ya bomba lako. Kuna mafundi wanatoboa T&G wanapitisha bomba la ngozi moja wanaziba na simiti kidogo, wakiulizwa wanasema lile la fulani limekaa miaka mitatu halina shida. Mbao ikichomwa kidogo kidogo kila siku inabadilika polepole kuwa kama makaa, na ile joto inayohitajika kuiwasha inazidi kushuka. Miaka mitatu haijakuambia kitu.

Tena siling ikiwa juu sana, futi 14 au 16, ngozi moja inapoza moshi kabla haujatoka na ile lami nyeusi inaganda ndani ya bomba, na hiyo lami ndo huwaka siku moja ikanguruma kama lori. Kwa nyumba kama hizo mimi naweka bomba la ngozi mbili, lile la kutumika ndani ya chumba, kuanzia kwa stovu yenyewe. Na vile unaunganisha, upande mwembamba uangalie chini, lami ikiyeyuka irudi kwa stovu isichuruzike nje. Skruu tatu kila kiungo.

Pale kwa siling kuna boksi la chuma linabeba uzito wa bomba lote la juu. Wengi hukosea shimo lake juu wanalichora kana kwamba siling ni bapa. Boksi la inchi 12, kwa mteremko wa digrii 30, linataka urefu wa karibu inchi 14 kufuata mteremko, na kwa digrii 45 ni 17. Boksi lisimame wima kwa pima maji, lisifuate siling, na lichungulie chini ya mbao hata ule upande wa chini kabisa.

Nje, bomba lipande angalau futi 3 juu ya pale linapotokea, likipimwa upande wa juu, na liwe juu kwa futi 2 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya futi 10. Ndo maana ukitokea karibu na ukingo wa paa lenye mteremko mkali utajikuta na mnara, na likipita futi 5 juu ya paa lazima ulifunge na vyuma upepo usiliangushe. Toka karibu na kilele ukiweza. Kwa mabati flashingi (lile bati la kuzuia maji kuzunguka bomba) iingie chini ya shiti la juu na ilale juu ya la chini, ukigeuza hiyo tu, mvua ya Aprili itakupigia simu kabla ya mwenye nyumba. Raba ya kawaida ya flashingi itaharibika na joto, chukua ya silikoni ya moto.

Mwambie mwenye nyumba mapema kwamba joto litakimbilia kileleni. Feni ya siling ikizungushwa polepole kinyume inalirudisha. Asikimbilie stovu kubwa ati chumba ni kirefu, kubwa atabana hewa isimchome na hapo lami inaongezeka.

Kuni za barabarani nyingi ni mbichi, muwati ama mkaratusi, zipasuliwe zikae miezi kadhaa mahali pakavu, unyevu ushuke chini ya asilimia 20. Kengele ya kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, sijadiliani, naweka kwa bei yangu.

Na juu ya stovu weka kile kipande cha bomba kinachoteleza kuingia ndani ya kingine, ndo mwakani ukija kusafisha na brashi usianze kuita watu wanne tena wasogeze stovu.