Mama ana kiharusi, mgongo wangu hauniachi nilale

SWALI: Shikamooni wahariri. Mama yangu, miaka 78, alipata kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto vimelala. Namgeuza peke yangu, usiku naamka mara nne au tano. Mgongo unauma, nimekuwa mkali hata kwa watoto. Ndugu zangu wanatuma pesa tu. Nifanyeje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Pole kwa kuuguza, dada. Ukali huo ni wa kukosa usingizi, kwa hiyo tuanze na usiku.

Kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa 2, asipate vidonda vya kulalia, ni kanuni ya kawaida. Ila kama godoro ni la sponji nzito na ngozi haina alama, muulize nesi kama usiku mnaweza kwenda kila baada ya saa 4, yaani unamgeuza saa 4 usiku, saa 8, kisha saa 12 asubuhi. Asubuhi kagua kifupa cha mkia, nyonga na visigino. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Papasa utafute palipokolea rangi, penye joto au pagumu kuliko pembeni. Ukipaona, rudi kwenye kila baada ya saa 2, na usipasugue. Nyama ya ndani imeshaumia, kusugua kunaichana zaidi.

Mgongo wako utaokolewa na kanga. Ikunje mara mbili, itandike chini ya mama toka mabegani hadi mapajani. Simama upande anaogeukia. Kunja goti lake la mbali, mlaze mkono wa mbali kifuani, shika ukingo wa kanga wa upande ule, kisha vuta kuja kwako ukiegemea mguu wa nyuma. Mikono inashika tu. Kinachovuta ni uzito wako. Mkono uliolala usiuvute kamwe, bega huteguka kirahisi. Mto mmoja mgongoni, mwingine katikati ya magoti, mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie.

Ndugu zako? Pesa ya simu haimgeuzi mgonjwa saa 8 usiku. Ukiwaambia "nisaidieni" watatuma elfu kumi na kushukuru Mungu. Omba usiku wenyewe: Ijumaa na Jumamosi, kila wiki. Asiyeweza kuja alipe mtu wa kulala hapo, na mtu huyo kwanza amgeuze mama mchana, mara tatu, wewe ukiangalia. Usiku wake ukifika, kalale chumba kingine na ufunge mlango.