Namba ya kufutwa kwa kidole

Wiki iliyopita mliuliza: ni namba gani kubwa unayoijua kwa kichwa, na kwa nini unaipenda? Yangu ni 73939133.

Ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Namba tasa hazina mwisho, na zipo zinazoipita hii kwa mbali sana. Lakini ifute tarakimu ya mwisho kulia: inabaki 7393913, nayo ni tasa. Futa tena, 739391. Halafu 73939, 7393, 739, 73, hadi 7. Tasa zote! Namba zenye tabia hiyo, kwa kuhesabu kwa makumi kama tunavyohesabu sisi, ni 83 tu, na hii ndiyo kubwa kuliko zote.

Niliiandika kwa chaki kwenye mlango wa jikoni, hapa Kadutu, Bukavu, jioni moja umeme ulipokatika. Mtoto wa kaka yangu alikuwa amechoshwa na hesabu za kugawanya. Akawa anafuta kwa kidole gumba, moja moja, mimi nikimmulikia kwa simu. Kwenye 739 akasimama. "Shangazi, nitajuaje kama ni tasa kweli?" Tukaigawanya kwa 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19 na 23. Hakuna iliyoigawanya. Hatukuendelea, maana inayofuata ni 29, na 29 mara 29 ni 841, tumeshaipita 739: kigawanyo kikubwa hivyo kingehitaji mwenzake mdogo, na wadogo wote tulikuwa tumeshawajaribu. Kwa 7393 zilitubidi namba 23 za kujaribu. Tulizimaliza.

Kisha akauliza lililonifurahisha zaidi: tukiongeza tarakimu nyingine mwisho je? Ukiongeza shufwa, namba inagawanyika kwa 2. Ukiongeza 5, inagawanyika kwa 5. Zinabaki 1, 3, 7 na 9. Sasa jumlisha tarakimu za 73939133: unapata 38. Ukiweka 1 jumla inakuwa 39, ukiweka 7 inakuwa 45, na zote mbili zinagawanyika kwa 3, kwa hiyo namba nzima pia inagawanyika. Kwa 3 na 9 kazi ni ndefu kidogo, lakini nazo hazileti tasa.

Itazameni pia ile 1 iliyo peke yake katikati. 7 ukiigawanya kwa 3 inabaki 1. Kuongeza 3 au 9 hakubadilishi baki hilo. Ilipoingia 1, baki likawa 2, na tangu hapo 1 au 7 yoyote ingeiharibu namba. Nafasi ilikuwa ya mara moja tu.

Shuleni nilizijua kwa Kifaransa, nombres premiers, namba za kwanza, na jina hilo halikunipa picha yoyote. Neno letu linanipa. Tasa ni asiyezaa. Ukiziandika hizi kwa mfuatano unaona 7 ikizaa 73, 73 ikizaa 739, kizazi baada ya kizazi, hadi kwa huyu wa nane, ambaye kweli hana mtoto.

Asubuhi nilikuta mlangoni, chini ya namba yangu, mwandiko mwingine wa chaki: 5, 59, 593. Na pembeni: "Hapa 1 na 7 haziingii hata mara moja."